Kanda Nane za Mbuzi wa Mabawa na Namna ya Kuzitazama

Kwanza naomba radhi. Mimi niliishia darasa la nane, na mwalimu wangu wa mwisho alisema mwandiko wangu ni kama nyayo za kuku waliofukuzwa penye mpunga. Tahajia nayo hunipiga chenga. Kuna maneno nimeyasema tangu utotoni, lakini nikishika kalamu kuyaandika huwa kama watu nisiowajua. Na naandika polepole mno, ukurasa mmoja hunila asubuhi nzima. Kwa hiyo mkiona mahali nimekata nikaandika juu yake, na juu yake tena, nivumilieni, mpite.

Jambo lenyewe ni hili. Iko katuni moja ndefu ya Kijapani, inayosemwa kwa Kiarabu, ya msichana mwenye nywele za kijani na mbuzi mweupe mwenye mabawa. Sisi tuliipata kwa kanda nane za video. Mtu yeyote atakayezipata kanda hizo ataona moja inaonyesha utoto wa yule msichana, na atataka kuanza na hiyo. Nasema asianze nayo. Nina sababu zangu, na sababu hizo zilimgusa mtu ninayempenda, ndiyo maana naandika.

Kanda zililetwa na mjomba wetu, ndugu wa mwisho wa mama, aliyekuwa dereva wa lori Arabuni. Kila akija likizo Likoni alikuja na mablanketi yenye picha ya chui, chupa za uturi, na kitu kimoja ambacho hakuna aliyemwagiza. Safari ile, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kitu hicho kilikuwa kanda nane nyeusi zilizofungwa pamoja kwa kamba. Alizinakili kwenye kanda tupu kutoka za watoto wa tajiri wake. Hakuandika chochote juu yake, kwa kuogopa watu wa forodha. Alisema, "Nimezipanga vizuri. Ya juu ndiyo ya kwanza. Msifungue kamba mpaka mpate deki ya kuzichezea."

Alipoondoka tu, nyanya akaifungua kamba. Alikuwa na jogoo aliyezoea kwenda kwa jirani.

"Nyanya!" kaka yangu alipiga kelele. "Ile kamba ndiyo ilikuwa mpangilio!"

"Mpangilio gani wa kamba?" nyanya akamjibu, huku anamfunga jogoo mguu. "Kanda ni nane, hesabu. Si ziko zote?"

Zilikuwako zote, sawa, zimelala juu ya mkeka kama samaki, na hakuna aliyejua kichwa kiko wapi na mkia uko wapi.

Zikakaa kabatini miezi. Televisheni tulikuwa nayo, ya rangi, imevikwa kitambaa cha kufuma kama bibi arusi, lakini deki hatukuwa nayo. Tuliipata kwa sababu ya bibi arusi wa kweli. Huyo alikuwa binti wa mama mkubwa, lakini nyumbani hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa dada yangu. Tulilala kitanda kimoja tangu nikiwa na miaka minne. Yeye ndiye aliyekuwa akinisemea. Tukiingia dukani, nilimfinya mkono, naye akamwambia mwenye duka, "Anataka ubani na kiberiti." Mgeni akiniuliza jina, yeye hujibu. Wengine walidhani mimi ni bubu, na kusema kweli hilo lilinifaa.

Sasa alikuwa anaolewa Kisauni. Kisauni si mbali. Ukivuka feri, ukapita mji, ukavuka daraja, umefika. Kwangu ilikuwa sawa na kwenda Maskati.

Kama ilivyo desturi yetu, alitiwa ndani siku saba kabla ya harusi. Hatoki, haonwi na wanaume, kazi yake ni kusuguliwa singo mpaka ang'are. Aliyemsimamia ni somo wake, yaani kungwi wa kumfunda, mama mmoja mnene ambaye hata akinong'ona unamsikia ukiwa uani. Somo huyu alikuwa na sharti lake. Kila kitu cha bibi arusi, kuanzia sabuni hadi leso, kifungwe uzi mwekundu ili mtu mwingine asikiguse. "Nikiona mkono wa mtu kwenye kitu chenye uzi mwekundu," alisema, "nitaukata mkono, nitauacha uzi." Kila mtu nyumbani akaujua uzi huo.

Mama mkubwa alimwonea binti yake huruma, akaazima deki kwa rafiki yake wa Changamwe, kwa siku hizo saba. Siku ya saba, baada ya alasiri, wangekuja kuichukua.

"Sikiliza," dada aliniambia ilipowekwa. "Nataka niione yote kabla sijatoka hapa. Kule ninakokwenda hakuna televisheni. Baba mkwe hataki hata kuisikia. Nisipoimaliza hapa, sitaimaliza maisha. Umenifahamu?"

Nilitikisa kichwa kwamba nimefahamu.

Siku ya kwanza tuliziweka kanda moja moja, dakika chache kila moja, kama mtu anayeonja michuzi ya sufuria nane. Tukaona msichana wa kijani, shingoni kavaa kifuko. Mbuzi anaruka juu ya bahari ya mchanga. Kijana, kaka wa yule msichana, anapigwa na umeme, anageuka jiwe dogo, na jiwe hilo ndilo linalotiwa ndani ya kifuko.

"Kavaa hirizi," nyanya alisema. Alikuwa amekuja kutazama dakika moja, na hakuondoka siku saba. "Huyo ana wazee wanaomjali."

Tukaona pia adui yao, mtu mrefu aliyefunika uso kwa chuma. Tukambandika jina la Bwana Chuma. Na katika kanda moja tukaona msichana yule yule ni mdogo, miaka mitano hivi, na kaka yake bado mtu.

Hapo ndipo kaka yangu akaanza ubishi wake. Yeye hakuruhusiwa kuingia chumbani. Ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili, na somo alimwambia kwamba masharubu yake, ingawa ni matatu, yanatosha kumtoa nje. Akakaa ukumbini nyuma ya pazia. Alikuwa amesoma chuoni, kwenye Kurani, kuliko sisi sote, kwa hiyo yeye ndiye mkalimani. Picha haoni, lakini anasikia Kiarabu.

"Anzeni na ya utoto!" alisema nyuma ya pazia. "Mtu huzaliwa kwanza, ndipo akawa mkubwa. Hili si jambo la kujadili."

"Maneno yake yana maana," dada alisema.

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Kuna kitu nilikuwa nimekiona. Mimi kazi yangu ni kushona kofia za viua, na kofia hukufundisha kutazama vitu vidogo. Ukikosea tundu moja, ua zima huenda upande. Katika ile kanda ya utoto kulikuwa na mtu mcheshi anayewaletea watoto halua, anawapandisha mabegani, na anapotembea anaburuta mguu wa kushoto. Na Bwana Chuma naye anaburuta mguu wa kushoto. Ule ule, kwa namna ile ile, kama mtu anayefagia kwa kisigino. Nikajua kwamba ni mtu mmoja. Aliyezitengeneza hakutaka tujue mapema, maana katika vipande vyote tulivyoonja vya kanda nyingine uso wake umefichwa. Nikaona pia kwamba rangi za kanda ya utoto ni kali, na michoro imenyooka zaidi. Ile kanda ilichorwa baadaye, kwa watu waliokwisha kuona mengine.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuharibikiwa. Siri niliijua na siwezi kuisahau. Lakini dada hakuwa ameuona ule mguu, maana wakati ule somo alikuwa akimsugua mgongo na uso wake ulikuwa juu ya mto wa kulalia. Nilitaka yeye aipate siri kwa njia yake.

Kusema mbele ya somo, nyanya, mama mkubwa na kaka nyuma ya pazia, sikuweza. Nikaenda jikoni, nikachana karatasi ya daftari, nikaandika. Ilinichukua mpaka mbaazi zikaiva. Nikaiweka karatasi chini ya mahamri, nikampelekea.

Dada akala hamri la kwanza, akaiona, akaisoma kwa sauti, maana hakuwahi kuniwekea siri yoyote: "Usianze na ya utoto. Iweke ya saba. Kuna jambo. Nikikwambia nitaliharibu. Niamini." Akageuza nyuma, ambako nilikuwa nimeandika mpangilio wote: kwanza ya bahari ya mchanga, kisha ya kisiwa cha ndege, ya mji wa vioo, ya theluji, ya vita vya mashua, halafu ya gereza, halafu utoto, halafu ile ambayo msichana ana nywele ndefu kupita kiuno, maana nywele hazikui kurudi nyuma.

"Mwandishi wangu kasema," dada akatangaza.

"Mwandishi gani! Hajui hata Kiarabu!" kaka akalalamika.

"Na wewe huoni hata picha. Tulia, tafsiri."

Nikafunga kila kanda uzi wa rangi yake, nyuzi za kofia zangu, ili mpangilio usipotee tena. Ya kwanza nyeupe, ya pili manjano, na kadhalika. Ya nane, ya mwisho, ambayo kila mtu alikatazwa kuigusa mpaka siku yake, niliifunga uzi mwekundu. Nilijiona nina akili sana.

Siku zile sitazisahau. Asubuhi singo, mchana kanda. Kiarabu cha katuni hatukukijua, lakini mara moja moja neno letu lilipita ndani yake, safari, wakati, bahari, hatari, kama kusikia sauti ya jamaa yako chumba cha pili. Mengine yote tulimtegemea kaka, naye hakukubali hata siku moja kusema hajui.

"Sasa mfalme anazungumza," alisema. "Ana hasira. Anasema ataangamiza ulimwengu wote."

Tukatazama. Mbuzi alikuwa anatafuna ramani.

"Huyo ni mbuzi," nyanya akamwambia.

"Basi mbuzi ana hasira."

"Hana. Anakula."

"Anasema nini akila?"

"Wewe ndiye mkalimani!"

Kaka akakohoa nyuma ya pazia. "Anasema bismillahi."

Somo, aliyekuwa amesema katuni ni upuuzi, siku ya tatu alimsugua dada mkono mmoja ule ule tangu adhuhuri mpaka alasiri, macho yako kwenye televisheni, mpaka dada akalia, "Somo, utanitoa ngozi! Nenda mkono wa pili!"

Siku ya sita ilikuwa kanda ya gereza. Msichana wa kijani amefungwa minyororo, Bwana Chuma anamjia, anaburuta mguu. Mbuzi anamrukia usoni, chuma kinaanguka. Ukatokea uso wa mtu mzima, mwenye huzuni, si mbaya hata kidogo. Msichana akamtazama, akasema neno moja tu.

"Khali."

Kaka akasema polepole nyuma ya pazia, na mara hii hakuwa akitunga: "Kasema khali. Khali ni mjomba. Ni mjomba wake, enyi watu! Ndugu wa mama yake!"

Dada akapiga ukelele hata jogoo wa nyanya akaukata ugwe. Mama mkubwa akaja mbio na mwiko, akidhani ni nge.

"Mjomba?" nyanya alisema, amekasirika kweli. "Mjomba hawezi. Mjomba hukuletea mablanketi."

Kesho yake asubuhi, siku ya saba, tukatazama ya utoto. Sasa kila mtu alimjua yule mtu wa halua ni nani. Kila alipowabeba watoto mabegani, sisi tulijua atakayoyafanya. Hakuna aliyecheka alipochekesha. Somo alifuta machozi kwa leso yenye uzi mwekundu, mwenyewe akavunja sharti lake. Dada alinitazama, akanifinya mkono kama nilivyokuwa nikimfinya mimi dukani.

"Ungeniacha nianze na hii," alisema, "ningemwona ni mtu tu wa halua."

Na nyuma ya pazia, sauti ndogo: "Haya. Nakubali. Lakini kwa sababu hii moja tu."

Ikabaki ya nane. Dada alikuwa amepakwa hina mikono na miguu, hawezi kushika kitu, nikawa namlisha. Jambo lilikuwa moja tu. Kaka wa msichana, yule jiwe, atarudi kuwa mtu? Dada alikuwa amelishikilia jambo hili kama la nyumbani kwake. "Akibaki jiwe," alisema, "mimi nitakwenda kwa mume wangu nikilia, na watu watadhani ni kwa ajili ya mama."

Nikafungua uzi mwekundu, nikaitia kanda, nikabonyeza.

Stima ikapotea.

Haikupotea kwetu tu, ilipotea Likoni nzima. Tukakaa mbele ya kioo cheusi, tunajiona wenyewe humo ndani, dada ameinua mikono yake ya hina kama mtu anayesalimu amri. Tukangoja. Kaka akaenda mara tatu barabarani kuuliza, kana kwamba barabara ina majibu. Baada ya alasiri stima ikarudi, na wakati ule ule watu wa Changamwe wakabisha hodi wanataka deki yao. Tuliitoa kanda, nikaifunga tena uzi wake mwekundu, nikaiweka juu ya kabati.

"Basi utaniandikia," dada alisema. "Utapata deki mahali, utaitazama, utaniandikia kama amerudi au hakurudi. Hata ikichukua mwezi. Niahidi."

"Nakuahidi," nilisema. Nilisema kwa mdomo kabisa.

Kesho yake ilikuwa kupamba, siku ya wanawake kumtazama bibi arusi. Wanawake walijaa ukumbi wote mpaka barazani, dada amekaa juu ya kiti kilichovikwa zari, uso umeinama, na mama mmoja wa video aliyekodiwa anazunguka na kamera begani. Wanaume wote walikuwa wametolewa, kwa kuwa mabuibui yote yalikuwa yametundikwa. Mimi niliingia chumbani kumfungia dada vitu vyake. Nikawaza, kwa nini nisimtilie ile kanda ya nane ndani ya sanduku, pengine siku moja baba mkwe atalegea? Nikapandisha mkono juu ya kabati. Hapakuwa na kitu.

Nikatafuta chini ya kitanda, ndani ya ndoo, ndani ya jokofu la jirani. Halafu nikatoka ukumbini, na pembeni ya mkoba wa mama wa video nikauona uzi wangu umelala sakafuni.

Nilielewa mara moja. Mama wa video huwaambia watu walete kanda tupu yao. Mama mkubwa alikuwa ametafuta kitu kisicho na maandishi, akaona kanda nyeusi, haina jina, imefungwa uzi mwekundu. Kila mtu nyumbani alijua uzi mwekundu maana yake nini. Ni cha bibi arusi. Akaichukua kwa moyo safi. Baadaye nilijifunza kwamba kanda ina kijino kidogo cha plastiki mgongoni, na ukikivunja haiwezi kuandikwa tena. Siku ile sikukijua. Nilichokijua mimi ni nyuzi.

Kamera ilikuwa inafanya kazi, taa yake nyekundu inawaka. Mpaka pale walikuwa wamerekodi kidogo tu, ngoma ilikuwa haijachanganya. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu: mama, simamisha kamera. Nilisimama mlangoni na uzi mkononi. Wanawake kama hamsini walikuwa wakipiga makofi. Nikafungua mdomo. Yule wa kunisemea alikuwa amekaa juu ya kiti cha zari na hakuruhusiwa kuinua uso.

Sikusema. Nilisimama pale pale mpaka ngoma ikaisha, nikiisikia kamera ikimla kaka wa msichana wa kijani dakika baada ya dakika. Somo akanipita akasema, "Mbona unalia, mwanangu? Kisauni si hapo tu?"

Siku saba za fungate sikula vizuri. Nilijaribu kuandika barua. "Dada yangu mpenzi, kanda imepotea." Nikakata. "Dada yangu mpenzi, sikupata deki." Nikakata, hiyo ilikuwa uongo. Daftari likawa jembamba.

Siku ya tisa akaja kututembelea, amevaa dhahabu, na mama mkubwa akaazima tena ile deki ya Changamwe ili wanawake waitazame harusi. Ukumbi ukajaa. Kaka alitolewa nje, maana kanda ile wanaume hawaioni. Akakaa barazani, nyuma ya pazia la mlango, akisema anasikiliza ngoma tu.

Wanawake walijitazama, wakachekana. "Ni mimi huyo? Mbona mnene hivyo?" "Kamera hainenepeshi mtu, yakhe, ni pilau." Mimi niliketi nyuma karibu na mlango. Ngoma ikaisha. Bibi arusi akainuka. Picha ikaruka, ikawa na mistari.

Na mbuzi akatokea.

Mayowe! Nyanya mmoja wa upande wa mume alisoma audhubillahi. Lakini dada alisimama katikati ya ukumbi, dhahabu zinalia. "Huyu si mbuzi wetu? Nyamazeni! Nyamazeni nyote!"

Zilibaki dakika chache tu. Msichana wa kijani, nywele kupita kiuno, ameketi chini ukingoni mwa maji. Kando yake ameketi kijana, anachekelea, anakula embe. Mkono wake mmoja bado una rangi ya jiwe kidogo, vidoleni. Na mbuzi amelala miguuni pao, hana mabawa. Muziki ukapigwa, maandishi yakapanda, kanda ikajirudisha yenyewe.

"Amerudi," dada alisema. Akakaa chini palepale. "Wallahi, amerudi." Kisha akageuka. "Kwa nini mbuzi hana mabawa? Amerudi vipi? Na nyinyi mmeirekodi harusi yangu juu yake? Nani aliyefanya haya?"

Mama mkubwa akaanza kutoa macho. Nikaona ataaibika mbele ya wakwe, kwa kosa lililoanzia kwenye uzi wangu.

"Ni mimi," nilisema.

Hamsini hawakuwa, labda thelathini. Wote waligeuka. Baadhi yao hawakuwahi kuisikia sauti yangu.

"Niliifunga uzi mwekundu. Mama mkubwa akadhani ni kitu chako. Niliuona uzi siku ile ile, kamera ndiyo kwanza inaanza. Nilisimama mlangoni. Sikuweza kusema."

Dada alinigeukia. "Ulisimama mlangoni? Unaniona mimi pale juu kama sanamu, na unasimama mlangoni?"

"Abee, dada."

"Kwani wangekumeza?"

Mtu akacheka. Nyanya wa upande wa mume akauliza, "Lakini mbuzi huyu ni wa nani? Na yule kijana kalalia nini mkono hata ukawa kijivu?"

"Adhabu yako ni hiyo," dada akaniambia, na nilimwona anajizuia asicheke. "Waeleze. Tangu mwanzo. Hapa mbele. Mimi sikusemei tena, mimi ni mke wa mtu."

Nikasimama mbele ya televisheni iliyozimwa. Nikaanza na bahari ya mchanga, kisha kisiwa cha ndege, kisha mji wa vioo. Nilipofika theluji sauti yangu ilikuwa imetoka yote. Nilipofika gereza nikaburuta mguu wa kushoto kwenye mkeka, chuma kikaanguka, nikasema neno moja, "Khali," na nyuma ya pazia sauti ikatafsiri bila kuombwa: "Mjomba!" Wanawake wakapiga ukelele kama alivyopiga dada. Ndipo nikarudi utotoni, nikawaletea halua. Mmoja akalia. Mpaka namaliza, alasiri ilikuwa inaadhiniwa.

Dada aliichukua ile kanda Kisauni. Nasikia baba mkwe alilegea, wakanunua televisheni ndogo, na kila mwaka huitazama harusi yake mpaka mwisho, mpaka kwenye embe. Yeye anaamini mbuzi alitoa mabawa yake ili kijana arudi. Kaka anasema si hivyo, ni mjomba aliyejitoa mhanga, na mabawa ya mbuzi yalipukutika kwa uzee. Nyanya, ambaye alimsamehe Bwana Chuma kwa shingo upande, anasema mbuzi hahitaji mabawa akishafika nyumbani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo. Kanda sita kwa mfuatano, kisha utoto, kisha ya mwisho. Na hiyo ya mwisho vunjeni kijino chake siku mnayoinunua.

Lakini sehemu ile iliyokaliwa na ngoma sijaiona hadi leo, na ahadi ya kumwandikia dada bado iko shingoni mwangu. Kama wewe unayesoma uliiona kanda ya nane nzima, tafadhali niandikie, upitishe barua kwa waliokichapisha kitabu hiki. Niambie ilikuwaje mkono ukawa mkono tena, na mabawa yalikwenda wapi. Mwandiko wako ukiwa mbaya usione haya. Andika polepole tu, nami nitaisoma polepole, halafu nitavuka kwenda Kisauni na kumwambia kwa mdomo wangu.